Nilijiita Mchawi Jukwaani, Sasa Wanamtafuta Shangazi

Mama mshauri, shikamoo. Mimi ni msomaji wa ukurasa wako tangu gazeti hili lilipoanza kutoka, na kusema kweli nimekuwa nikicheka matatizo ya wenzangu huku nikinywa chai, leo zamu yangu imefika na chai haipiti, kwa hiyo naomba unisaidie na usinicheke sana, na jina langu na la kijiji chetu nimeyaandika kwenye karatasi ya pili ambayo nakusihi usiichape.

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, nakaa Mkolani na mke wangu Paskazia na watoto wanne. Nilikuwa karani wa ghala kwenye ushirika wa pamba kwa miaka kumi na tatu, mpaka mwaka juzi walipotupunguza kazi, wakatuambia soko huria limekuja na sisi tumekuwa wengi mno, nikarudi nyumbani na kiti changu cha ofisini kwa kuwa hakuna aliyekidai, na tangu siku hiyo mke wangu ndiye aliyetulisha kwa kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kwenye viwanda vya minofu, nami nikawa nakaa uani kwenye kile kiti nikitazama wapita njia.

Ni kwenye kile kiti nilipookoka, Mama, na hili ni la kweli, naomba uliamini hata kama mengine yote hutayaamini. Ilikuwa mchana, nimeshika Maandiko kwa ajili ya kusogeza muda tu, nikafika pale panaposema kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani na hapo huwa na amani na Mungu, nikaacha kusoma, maana maisha yangu yote nilidhani Mungu ni kama mkaguzi anayekuja ghalani bila taarifa, na mimi siku zote niko nyuma na kazi. Nikamwambia, kama ni hivyo, basi nimekubali. Radi haikupiga na kuku waliendelea kuchakura, lakini kitu kilichokuwa kimenikaba tangu utoto kikaachia, na Paskazia aliporudi akaniuliza, "Leo umekula wapi, mbona uso umekunjuka?"

Nikajiunga na kanisa moja la kiroho linalosali kwenye godauni, na Jumapili ya kwanza wakaniita mbele nitoe ushuhuda, nikasimulia hayo niliyokusimulia, yakachukua dakika mbili, wakanipa ile Ameni ya kumwambia mtu akakae, na mama mmoja wa kwaya akapiga mwayo. Baada yangu akasimama ndugu tunayemwita Ngosha, aliyekuwa jambazi wa kuteka mabasi, akapandisha shati akaonyesha kovu la risasi, watu wakalia, wakaanguka, wakamkumbatia, na baada ya ibada yeye akaletewa pilau kwenye sahani ya udongo, ile ya wageni wa heshima, na mimi nikapewa kwenye ya plastiki. Najua utasema hili ni jambo la sahani. Hata mimi nilijiambia ni jambo la sahani, lakini nilirudi nalo mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata nikaongeza ulevi, kidogo tu, wakachangamka. Nikaongeza bangi. Mwezi wa pili nikasema nilikuwa nikizunguka kwa waganga, na mwezi wa tatu, hata sijui mdomo ulinipelekaje, nikasema nilikuwa mchawi kamili, naruka na ungo, nazama chini ya ziwa kwenye mkutano mkuu wa wachawi wa kanda nzima, na mimi ndiye niliyekuwa karani wao, naandika majina ya wanaotakiwa kufa. Godauni lilitetemeka. Mwinjilisti wetu, ambaye hapa nitamwita Venant, akanishika mkono akaniambia, "Mtumishi, ulikuwa umejificha wapi?" Na tangu hapo naitwa Mtumishi, nina suti ya mitumba rangi ya krimu, nakaa viti vya mbele, nimezungushwa Magu, Geita na Sengerema, na kila mahali watu wanapita mbele kwa makumi kuokoka wakishasikia niliyotoka nayo. Mwaka huu magugu maji yalipofunika ufukwe, nikasema ni sisi tuliyapanda kutoka kule chini, ikabidi wavuvi watatu wa Igombe waje nyumbani kuniuliza kwa adabu kabisa kama nakumbuka tulianzia wapi, ili wakang'oe shina.

Sasa tatizo ni hili. Kule Sengerema mtu mmoja aliuliza kutoka chini ya jukwaa, "Uchawi wako nani alikufundisha?" Sikuwa nimejiandaa, watu elfu wamenyamaza wananisubiri, nikasema shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Jina sikulitaja, Mama, nisikilizwe hapo. Lakini mahubiri yalirekodiwa, kaseti zikauzwa, na moja ikafika mnadani kwetu, ikapigwa kwenye spika siku ya mnada wa ng'ombe watu wote wapo, na kwetu kila mtu anajua mimi nimelelewa na nani.

Shangazi, nimwite Milembe, ana miaka sabini na zaidi kidogo. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka mitatu, yeye ndiye alinichukua, aliuza mtamba wake nipate kwenda shule ya kati, na ndiye alinifundisha kusali kabla ya kula, maana ni mkristo wa lile kanisa dogo la kijijini tangu ujana wake. Macho yake ni mekundu, na kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi, ingawa nadhani ni kwa sababu kuni kwetu hakuna, wanapikia samadi na mabua ya pamba. Alishakuja mjini mara moja tu, enzi zile niko ushirika, amevaa kitenge chake cha shamba, akaniletea gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akawakuta wageni wangu wa ofisini, wakaniuliza huyu bibi ni nani, nikawaambia ni mama anayetuuziaga michembe, naye alisikia, akawasalimia vizuri kama wateja, akaondoka na basi lile lile alilokuja nalo. Hilo nalitaja ili upate picha nzima, silo tatizo lenyewe.

Wiki iliyopita binamu yangu Shimba amekuja na baiskeli mpaka Mkolani, akakataa hata maji. Akaniambia, "Paa la shangazi linapigwa mawe mchana kweupe. Majirani wameacha kuchota naye maji. Na juzi walikuja watu wawili nisiowajua, wakamuuliza mtoto wa jirani, nyumba ya yule bibi ina milango mingapi." Akaniangalia suti. Akasema, "Wewe hubiri tu," akapanda baiskeli yake akaondoka.

Nikaenda kwa Venant nikamweleza ukweli wote, mara ya kwanza katika maisha yangu ya utumishi. Akaniambia, "Watu zaidi ya mia nne wameokoka kwa ushuhuda wako. Ukisema ulikuwa uongo, hao utawapeleka wapi?" Kisha akapata wazo. Wiki ijayo Jumapili kuna mkutano mkubwa wa injili hapa Nyamagana, na mhubiri mgeni anatoka ng'ambo. Akasema nimlete shangazi, apande jukwaani, akiri uchawi, aombewe, aokoke mbele ya watu wote, hapo kijiji kitamsamehe, ushuhuda wangu utasimama, na utukufu utakuwa mkubwa kuliko mwanzo.

Mama, mimi naona wazo si baya, maana kila mtu anapona, lakini Paskazia tangu alipolisikia analala na watoto na hasemi na mimi, na ile amani niliyoipata kwenye kiti siioni tena, nikisali nasikia sauti yangu ya jukwaani. Je, nimshawishije shangazi akubali? Na je, nikikanusha, mimi mwenyewe nitakuwa bado nimeokoka?

Mtumishi Aliyekwama,
Mkolani.

*

Mtumishi Uliyekwama,

Umeniomba nisikucheke sana. Nimekucheka mpaka kwenye magugu maji. Hata kwenye mkutano wa wachawi chini ya ziwa ulijipa ukarani. Mtu amepewa nafasi ya kudanganya anavyotaka na bado hakuthubutu kujipandisha cheo. Hapo nilimwita mume wangu nikamsomea. Tulipofika kwa wale watu wawili wanaouliza milango, aliniambia, "Selina, weka hiyo karatasi chini, chukua viatu."

Barua yako ilifika Jumatatu na gazeti hili linatoka Jumamosi. Wanaohesabu milango huja usiku na mapanga, hawangoji gazeti. Kwa hiyo Jumanne asubuhi mimi na mwenzangu mmoja, muuguzi mstaafu kama mimi, tulishika njia mpaka kijijini kwenu kwa kuifuata karatasi yako ya pili. Tulianzia kwa mwenyekiti wa kijiji, tukamweleza mbele ya wajumbe wake kwamba kaseti ile ni uongo na mwenye kuusema amekiri kwa mkono wake mwenyewe. Alisoma barua yako mara mbili. Aliniuliza kama huyu ndiye yule mtoto wa Milembe aliyekuwa akimkimbia jogoo. Wajumbe wakanijibia kwamba ndiye.

Shangazi yako tulimkuta mlangoni anaanika michembe. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba wanangu," akasema. "Mmekuja kunisalimia au mmekuja kwa lile la kaseti?"

"Yote mawili, mama."

"Basi kaeni, uji upo. Mawe yale msiyajali, leo hawajaanza."

Tulikunywa uji huku tukiyaangalia mawe, amekusanya rundo zima pembeni ya ukuta, anasema atajengea banda la mbuzi. Nikayaangalia na macho yake. Nimefanya kazi ya macho miaka kumi na tisa, Mtumishi. Ni moshi, na kidonda cha zamani cha kope ambacho mtu mwenye mshahara wa ushirika angempeleka hospitali kikatibiwa. Nikamwambia sababu ya safari yetu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili tu. La kwanza: "Hivi alisema mimi naruka na ungo?" Nikasema ndiyo. "Ungo wangu umetoboka tangu mwaka wa njaa. Angeniletea mpya kwanza." Tulicheka sote watatu, na bado tunacheka, akauliza la pili: "Kazini walipomtoa, anakula?"

Mimi nimezoea kuandika makali, lakini hapo niliangalia pembeni.

Amekuja na sisi. Yuko nyumbani kwangu Kiseke, analala chumba cha binti yangu, na kwa kuwa hawezi kukaa bure ameshapalilia bustani yangu yote na kung'oa hata maua niliyokuwa nayataka.

Sasa nirudi kwako. Unauliza umshawishije akubali kwamba ni mchawi. Soma tena ulichoandika, polepole, ukiwa umevua suti. Mwanamke aliyekufundisha kusali, unataka umpandishe jukwaani akatubu uongo wako, mbele ya mgeni wa ng'ambo, ili wewe ubaki na kiti cha mbele. Na unaita hilo kila mtu kupona! Akishakiri kwa kipaza sauti kwamba aliua watu, unadhani nani atarudi kijijini kumkumbatia? Wale wawili wangekushukuru kwa kuwarahisishia kazi.

Na dhambi zako, ndugu yangu, zinanishangaza. Umetubu ulevi ambao hukunywa, bangi ambayo hukuvuta na watu ambao hukuwaua. Ile moja uliyoitenda kweli, ya kumkana mama yako mlezi mbele ya wageni kwa sababu ya kitenge chake cha shamba, umeniandikia kwamba silo tatizo lenyewe. Ndilo. Ulimwonea haya mara ya kwanza ukamfanya muuza michembe, ukamwonea haya mara ya pili ukamfanya mchawi. Ungeisema hiyo tu kule godauni, yule mama wa kwaya asingepiga mwayo. Angeenda nyumbani akamtafute mama yake.

Nakuamini kwamba uliokoka kwenye kile kiti. Nakuamini kabisa, na ndiyo maana nina hasira. Mtu anapewa amani na Mungu bure, mchana, kwa kuamini tu, bila kovu wala radi, halafu anaiona haitoshi kwa sababu haikushangiliwa. Wokovu si tuzo ya mtenda dhambi bora wa mkoa. Aliyekusamehe hakukuuliza una dhambi za ukubwa gani ndipo aamue kama unastahili sahani ya udongo. Wewe ulianza kwa imani, ukaishia kwa makofi, sasa unashangaa amani imekwenda wapi. Haijakwenda kokote. Umeifunika na kelele zako mwenyewe.

Unauliza kama ukikanusha utakuwa bado umeokoka. Mtu haokoki kwa ushuhuda wake, kwa hiyo hapotei kwa kuufuta. Unachoweza kupoteza ni suti.

Na wale mia nne wa Bwana Venant: waliomwamini Kristo wako salama mikononi mwake, hawakuwa wamening'inia kwenye ungo wako. Waliouamini ungo wanahitaji kuambiwa ukweli leo kuliko jana. Bwana Venant, najua unasoma ukurasa huu kwa maana umeshaniandikia mara mbili kuulalamikia. Kaseti zilizobaki zitoe sokoni, na uende mwenyewe kwenye ule mnada ukaseme ulichouza. Kama injili yako haiwezi kusimama bila bibi wa watu kupigwa mawe, basi kaa chini upumzike.

Nilikuwa nimefika hapo, karatasi iko kwenye mashine, Alhamisi saa nne, ulipobisha hodi kwangu. Nilikuwa nimemtumia ujumbe Paskazia, naona aliufikisha, na naona alikuja nyuma yako kuhakikisha hugeuki njiani. Wasomaji wangu hawakuwepo, kwa hiyo nitawaambia. Ulisimama kwenye mlango wa jikoni, ukamwona shangazi ameinama anachambua mchicha, ukaanza kwa ile sauti: "Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa mtu wa—"

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Hapa hakuna kipaza sauti, mwanangu. Ongea."

Ulikaa sakafuni kwangu na suti yako ya krimu, ukalia vibaya, bila mpangilio, bila hata neno moja ambalo lingefaa kwenye kaseti. Baadaye sana ukasema, "Shangazi, wale wageni wa ofisini, siku ile ya michembe." Yeye akasema, "Nakumbuka." Ukasema, "Nilikuonea haya." Akasema, "Najua, baba. Nililia mpaka Misungwi, pale nikakusamehe, nikashuka kununua chumvi." Akakupa nusu ya mchicha uchambue.

Kwa hiyo amekusamehe, na alikusamehe miaka mingi kabla hujajua una deni lolote la kusamehewa. Nadhani sasa unaelewa ulichosoma kwenye kile kiti vizuri zaidi kuliko ulivyokielewa ulipokisoma. Mimi bado sijakusamehe, mimi nangoja vitendo.

Mnada ujao ni Jumanne. Utakwenda mchana, na Shimba, ukiwa umemwomba radhi yeye kwanza, na utasimama na mwenyekiti wa kijiji pale pale kaseti ilipopigwa, maana waliosikia pale hawasomi gazeti. Utasema kwa Kisukuma, asije mtu akasema hakuelewa. Utapita na kwa kila jirani aliyeacha kuchota maji na shangazi, nyumba kwa nyumba, na mlango usipofunguliwa utaurudia kesho yake. Shangazi harudi kijijini mpaka mwenyekiti aniandikie mwenyewe kwamba kumetulia, na akirudi, Shimba ahamie kwenye ua wa shangazi. Kabla ya hapo utampeleka hospitali ya macho. Wavuvi wa Igombe nao uwaombe radhi. Wana kazi ya kutosha ya kung'oa magugu bila kutafuta shina lako.

Kisha Jumapili, Nyamagana. Utakwenda, ndiyo. Umeshatangazwa, na uongo wako ulisemwa kwenye spika, haurudishwi kwa kunong'ona. Utavaa shati la kawaida. Usihubiri, usilie, usianze kusimulia jinsi ulivyokuwa mwongo mkubwa kuliko waongo wote wa kanda ya ziwa, nakujua. Utasema haya tu, nimeyahesabu, hayafiki nusu dakika:

"Mimi sijawahi kuwa mchawi. Shangazi yangu si mchawi, ni mkristo aliyenilea. Nilisema uongo kwa sababu nilipenda kushangiliwa. Yesu Kristo ananisamehe, na nyinyi naomba mnisamehe."

Mkabidhi Venant kipaza sauti chake, ushuke. Paskazia atakuwa upande wa kushoto wa jukwaa na watoto. Hakuna atakayepiga makofi. Nenda nao nyumbani mkale.